Kerneli inapoanguka kwenye mashine ya kora nyingi: mwongozo wa kutafuta chanzo kwenye Linux

Seva ikiganda, mkono wa kwanza huenda kwenye kitufe cha umeme. Inaeleweka, maana watu wanasubiri huduma. Lakini kitufe hicho ndicho kinachofuta ushahidi, kwa sababu maneno ya mwisho ya kerneli (kiini cha mfumo wa uendeshaji) mara nyingi yalikuwa kwenye RAM tu na hayakuwahi kufika kwenye diski. Mashine inawaka, inatulia siku kadhaa, inaganda tena, na wewe hujui lolote zaidi ya ulilojua mwanzo.

Kwenye mashine yenye kora nyingi (vitengo vya kuchakata vya prosesa) kazi ni ngumu zaidi. Hitilafu nyingi hutokana na nani kamtangulia nani: kora mbili zimegusa data moja kwa wakati mmoja, moja ikaikuta nusu imebadilishwa. Ukirudia kazi ile ile dakika tano baadaye, mpangilio wa wakati umekuwa mwingine na hitilafu haionekani. Ndiyo maana kubahatisha hakusaidii hapa. Kamata ujumbe kwanza, halafu badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, na uandike ulichobadilisha.

Amri zilizo hapa ni za Debian na Ubuntu, na zinaendeshwa na root (msimamizi mkuu). Kwenye Fedora au Red Hat majina ya vifurushi hutofautiana, lakini mantiki haibadiliki.

Hatua ya 1: Hakikisha ujumbe hauzimi pamoja na mashine

Anza na logi ya kerneli ya kabla ya kuwasha upya:

    journalctl -k -b -1

Ikikujibu kwamba hakuna kumbukumbu ya wakati huo, basi logi zako zinakaa kwenye RAM. Zihamishie kwenye diski:

    mkdir -p /var/log/journal
    systemctl restart systemd-journald

Tazama pia `/var/lib/systemd/pstore`. Kwenye mashine nyingi za UEFI kerneli inayokufa huandika mistari yake ya mwisho katika hifadhi ndogo iliyo kwenye ubao mama, na mashine ikiwaka tena systemd huihamishia kwenye saraka hiyo. Wasimamizi wengi hawaifungui kamwe, na wakati mwingine jibu lote limo humo.

Kama logi inakatika ghafla bila neno lolote la kifo, diski ilishindwa kuandikwa kabla mashine haijaganda. Hapo tumia netconsole, inayotuma ujumbe wa kerneli moja kwa moja kupitia kebo ya mtandao kwenda kompyuta nyingine iliyo jirani:

    dmesg -n 8
    modprobe netconsole netconsole=6665@192.168.1.10/eth0,6666@192.168.1.20/

Anwani ya kwanza ni ya mashine inayougua, ya pili ni ya kompyuta inayosikiliza kwa `nc -u -l 6666` (kwenye baadhi ya matoleo ya nc ni `nc -u -l -p 6666`). Weka jina halisi la kadi yako mahali pa `eth0`. Utalipata kwa `ip link`. Usitegemee Wi-Fi kwa kazi hii, tumia kebo.

Silaha kubwa kuliko zote ni kdump. Inatenga sehemu ya RAM na kuweka humo kerneli ya pili iliyolala. Kerneli kuu ikifa, ya pili inaamka, inanakili RAM yote muhimu kwenye `/var/crash`, kisha inawasha mashine upya.

    apt install kdump-tools
    reboot
    cat /sys/kernel/kexec_crash_loaded

Amri ya mwisho ikitoa 1, iko tayari. Ikitoa 0, angalia kama parameta `crashkernel=` imo ndani ya `/proc/cmdline`. Kisha ijaribu kweli, saa ambayo hakuna anayetumia mashine, kwa kuiangusha kerneli makusudi:

    sync; echo c > /proc/sysrq-trigger

Usiruke jaribio hili. Kdump ambayo haijajaribiwa ina tabia ya kushindwa siku ile inayohitajika, ama RAM iliyotengwa ni ndogo, ama `/var` imejaa.

Bado kuna tatizo moja: mashine iliyoganda si mashine iliyoanguka, na kdump huamka kwa anguko tu. Kwa hiyo iamuru kerneli ihesabu kuganda kuwa ni kuanguka. Weka mistari hii kwenye `/etc/sysctl.d/90-kuganda.conf`, kisha endesha `sysctl --system`:

    kernel.panic_on_oops = 1
    kernel.softlockup_panic = 1
    kernel.hardlockup_panic = 1
    kernel.sysrq = 1

Mstari wa mwisho unafungua vitufe vya SysRq. Mashine ikiganda mbele yako, shika Alt na SysRq (mara nyingi ni kitufe cha Print Screen) kisha bonyeza `l` upate orodha ya kila kora na kazi iliyokuwa ikifanya, au `w` upate kazi zilizokwama zikisubiri. Piga picha ya skrini kwa simu. Baada ya hapo bonyeza `s`, `u`, `b` kwa mfuatano huo: data iandikwe kwenye diski, mifumo ya faili ifungwe kwa kusoma tu, mashine iwake upya.

Hatua ya 2: Soma ujumbe, na uanze juu

Anguko moja huzaa mengine. Kerneli iliyoumia huendelea kutapika ujumbe, na watu hunakili wa mwisho kwa kuwa ndio ulio kwenye skrini. Unaoutaka ni wa kwanza, ule wenye `[#1]` kwenye mstari wa Oops (ripoti ya kosa la kerneli). Yenye `[#2]` na kuendelea ni matokeo tu.

Kwenye ujumbe huo wa kwanza, vitu vinne vinatosha kuanzia: mstari wa `CPU:` unaotaja kora na jina la kazi, mstari wa `RIP:` unaotaja fanksheni iliyokuwa ikitekelezwa, anwani iliyoguswa, na neno `Tainted`. Jina lililo ndani ya mabano ya mraba mwishoni mwa mstari wa `RIP:` ni moduli, na mara nyingi hiyo ndiyo draiva ya kushukiwa.

Anwani inasema mengi kwa anayeijua. Ndogo kama `0000000000000008` maana yake kodi ilifuata kielekezi kitupu ikitaka kipengele kilicho baiti 8 ndani yake. Ukiona `dead000000000100` au namba iliyo jirani nayo, shtuka: hiyo ni alama ambayo kerneli huiweka kwenye kitu kilichoondolewa katika orodha. Mtu amekitumia kitu baada ya kuondolewa, na kwenye mashine ya kora nyingi hiyo ni dalili nzito ya kora mbili kugombania orodha moja bila kufuli (ulinzi unaoruhusu mmoja tu kuigusa data kwa wakati mmoja). Mfululizo wa `6b6b6b6b` ni memori iliyokwisha kuachiliwa; utauona tu ukiwasha ukaguzi kwa parameta `slub_debug=FZPU`, ambayo haihitaji kujenga kerneli upya na ninaipendekeza mapema.

Upande wa `Tainted`, herufi P ni moduli ya kampuni isiyo na kodi huria, O ni moduli iliyojengwa nje ya kerneli, W ni onyo lililotangulia, na M ni kosa la vifaa lililoripotiwa na prosesa yenyewe. Ukiona M, ruka hadi hatua ya 3 sasa hivi. Ukiona P au O, ondoa moduli hiyo na ujaribu bila yake kabla ya kumwandikia mtu yeyote, kwa sababu hilo ndilo watakalokuambia kwanza.

Kuna ujumbe ambao si wa kuanguka bali wa kukwama, na tofauti zake zina maana.

`BUG: soft lockup - CPU#2 stuck for 22s!` ni kora ambayo imekaa ndani ya kerneli zaidi ya sekunde 20 bila kuachia kazi nyingine nafasi. Ukatizaji (ishara inayoisimamisha kora kidogo ishughulikie jambo jingine) bado unafanya kazi, ndiyo maana kerneli imeweza kulalamika.

`Watchdog detected hard LOCKUP on cpu 3` ni mbaya zaidi: kora haijibu hata ukatizaji wa saa kwa sekunde 10. Mara nyingi inazunguka ikisubiri kufuli huku ukatizaji umefungwa. Hapa usiitazame kora iliyolalamikiwa peke yake. Tafuta anayeshikilia kufuli hilo, naye mara nyingi yuko kwenye kora nyingine.

`INFO: task ... blocked for more than 120 seconds` kwa kawaida si kosa la prosesa. Kazi inasubiri kitu, na kitu hicho huwa ni diski inayokufa au NFS (diski ya mtandao) iliyopotea. Watu wamebadilisha prosesa bure kwa ajili ya ujumbe huu.

`rcu_sched self-detected stall on CPU` ni ndugu wa soft lockup. Soma ile Call Trace (orodha ya fanksheni zilizoitana) iliyo chini yake kwa njia ile ile.

Tahadhari kubwa kwa wenye seva ya kukodi: soft lockup ndani ya mashine pepe (virtual machine) mara nyingi si kosa la kerneli yako. Mwenyeji amejaza wateja wengi, kora yako pepe ikanyimwa prosesa halisi kwa sekunde kadhaa, na kerneli yako ikadhani imekwama. Tazama safu ya `st` kwenye `top`, yaani muda ambao kora yako ilinyimwa prosesa. Ikipanda hadi makumi ya asilimia, au ujumbe ukitokea saa za kuhamishwa mashine na kuchukuliwa nakala, mpelekee mwenyeji takwimu hizo. Na kwenye mashine pepe usiwashe `softlockup_panic`, utaanguka kwa kosa la mwingine.

Ukipata vmcore (ile nakala ya RAM iliyohifadhiwa na kdump), sakinisha kifurushi cha alama za uchunguzi cha kerneli yako pamoja na programu `crash`, kisha:

    crash /usr/lib/debug/boot/vmlinux-$(uname -r) /var/crash/<tarehe>/dump.<tarehe>

Ndani yake andika `log` upate ujumbe wote, `bt -a` upate kila kora ilikuwa wapi sekunde ile, na `foreach UN bt` upate kazi zote zilizokwama. Kwa tatizo la kufuli, `bt -a` ni dhahabu. Utaona kora tatu zinasubiri ndani ya fanksheni ya spinlock (kufuli linalosubiriwa kwa kuzunguka) na moja iko kwingine kabisa. Hiyo moja ndiyo ya kuhojiwa.

Hatua ya 3: Ondoa shaka ya vifaa

Kusanya maanguko matatu au manne uyalinganishe. Yakitokea kwenye fanksheni ile ile, karibu hakika ni programu. Yakiruka huku na huko, leo kwenye mtandao, kesho kwenye mfumo wa faili, keshokutwa programu ya kawaida inakufa kwa segfault, basi huenda ni vifaa: RAM, joto, au umeme.

    journalctl -k | grep -i -e mce -e 'hardware error' -e throttled
    apt install rasdaemon
    systemctl enable --now rasdaemon
    ras-mc-ctl --errors

Kwa RAM, iachie memtest86+ usiku kucha. Matoleo ya kuanzia la 6 yanatumia kora zote, na hilo huibua makosa ambayo kora moja haiyaoni. Kwa prosesa, endesha `stress-ng --cpu 0 --verify --timeout 30m`, ambapo sifuri maana yake ni kora zote, huku `sensors` ikiwa wazi kwenye terminali nyingine.

Ofisi nyingi kwetu zinatumia mashine zilizotumika Ulaya au Marekani kabla ya kufika hapa. Ni mashine nzuri, lakini dawa ya joto iliyo kati ya prosesa na kipoozeo imeshakauka, feni zimejaa vumbi, na kipitishio cha umeme (power supply) kimechoka. Safisha, paka dawa mpya, na jaribu kipitishio kingine cha umeme kabla ya kuilaumu kerneli. Chumba kisicho na kiyoyozi Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari kitakuonyesha kasoro ambayo haitaonekana Julai.

Mwisho, sakinisha `intel-microcode` au `amd64-microcode`, sasisha BIOS, kisha hakikisha kora zote zina toleo moja la maikrokodi (programu ndogo ya ndani ya prosesa):

    grep microcode /proc/cpuinfo | sort | uniq -c

Jibu liwe mstari mmoja. Mistari miwili maana yake BIOS imesasisha baadhi ya kora na kuziacha nyingine, au una prosesa mbili za matoleo tofauti kwenye ubao mmoja.

Hatua ya 4: Punguza kora

Hapa ndipo tatizo la prosesa nyingi hutenganishwa na mengine. Kwenye menyu ya GRUB (programu inayoiwasha kerneli) bonyeza `e`, nenda mwisho wa mstari unaoanza na `linux`, ongeza `nr_cpus=1`, kisha Ctrl+X. Badiliko hili ni la mara moja tu. Mashine ikiwashwa tena linaondoka.

Utakuta maelekezo mengi yanayotaja `nosmp` au `maxcpus=1`. Ninashauri uyaache. `nosmp` huzima pia IO-APIC (kidhibiti cha ukatizaji), yaani umebadilisha mambo mawili kwa pamoja na hutajua lipi lilisaidia. `maxcpus=1` huacha mlango wazi: kora nyingine zinaweza kuwashwa baadaye na huduma fulani bila wewe kuombwa. `nr_cpus=1` haina njia ya kuzungukwa.

Sasa subiri, na usubiri vya kutosha. Kama mashine ilikuwa ikianguka kila baada ya siku mbili, siku moja ya utulivu haithibitishi kitu. Ipe angalau mara tatu ya muda wake wa kawaida.

Ikianguka hata kwa kora moja, tatizo huenda ni la draiva au RAM. Usilifute kabisa suala la kugombania data, kwa kuwa hata kwenye kora moja ukatizaji unaweza kuingia katikati ya kazi, lakini uwezekano umepungua sana.

Ikitulia, usishangilie bado. Kora moja inavuta umeme kidogo na inatoa joto kidogo, kwa hiyo utulivu huo unaweza kuwa wa kipitishio cha umeme kilichopumzika. Tenganisha hayo mawili: rudisha kora zote lakini teremsha kasi.

    cpupower frequency-set -u 1500MHz

Kora zote kwa kasi ndogo zikitulia, shuku umeme na joto. Zikiendelea kuanguka, shuku kufuli ndani ya kerneli au kora moja yenye ugonjwa.

Kora moja mbovu hutafutwa kwa kugawa nusu kwa nusu. Angalia mpangilio kwa `lscpu -e`, maana namba mbili tofauti zinaweza kuwa nyuzi mbili za kora moja halisi, kisha zima kundi:

    for n in 4 5 6 7; do echo 0 > /sys/devices/system/cpu/cpu$n/online; done

Ikitulia, mgonjwa yuko kati ya zile ulizozima. Washa mbili, endelea. Kora sifuri kwa kawaida haizimiki kwenye x86, ipime kwa kuibebesha kazi peke yake: `taskset -c 0 stress-ng --cpu 1 --verify --timeout 20m`. Ukishajua kora mbovu, unaweza kuishi bila yake kwa muda huku ukitafuta prosesa nyingine.

Jaribu pia `nosmt` kwenye mstari wa GRUB. Inabakiza uzi mmoja kwa kila kora halisi.

Hatua ya 5: Usingizi wa prosesa, saa, na ukatizaji

Mashine inayoganda ikiwa haina kazi, usiku au wikiendi, lakini ikibebeshwa mzigo inakwenda vizuri, inaugua usingizini. Prosesa za Intel za kizazi cha Bay Trail zilijulikana kwa hili, na dawa ilikuwa `intel_idle.max_cstate=1`. Ryzen za AMD za mwanzo za 2017 nazo ziliganda zikiwa zimepumzika. Kwenye BIOS tafuta Power Supply Idle Control uiweke Typical Current Idle. Umeme utatumika zaidi kidogo.

Kuhusu saa, ukiona `Marking clocksource 'tsc' as unstable`, kora zako hazikubaliani wakati. Kerneli itahamia saa nyingine yenyewe, ya polepole lakini salama. Sasisha BIOS. Usilazimishe `tsc` irudi kwa ajili ya kasi.

Ukatizaji ni wa kutazama tu:

    watch -n1 -d cat /proc/interrupts

Safu moja ikikimbia kwa makumi elfu kwa sekunde, au ukiona `irq 16: nobody cared`, kuna kifaa kinachopiga kelele bila draiva ya kukijibu. Kitoe au ukihamishie tundu lingine.

Hatua ya 6: Badilisha kerneli

Debian na Ubuntu huacha kerneli ya zamani kwenye menyu ya GRUB. Iwashe. Kama ya zamani haianguki na mpya inaanguka, umepata kitu chenye thamani kubwa, kwa sababu sasa kosa lina tarehe ya kuzaliwa na linaweza kutafutwa kwa `git bisect`. Kati ya toleo moja kuu na linalofuata kuna mabadiliko zaidi ya 10,000, lakini kwa kugawa nusu kila mara utajenga kerneli kama 14 tu. Tumia `make localmodconfig` ili ujenge moduli unazozihitaji peke yake, na `make bindeb-pkg` upate kifurushi cha kusakinisha. Usitangaze toleo kuwa zima kabla ya muda ule wa mara tatu kupita. Jibu moja la uongo huharibu utafutaji wote.

Kama hakuna toleo zuri la kurudia, jenga kerneli ya uchunguzi yenye `CONFIG_PROVE_LOCKING=y`, `CONFIG_DEBUG_ATOMIC_SLEEP=y` na `CONFIG_KASAN=y`. Hiyo ya kwanza ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Inarekodi mpangilio ambao kila kazi inachukua makufuli, na ikiona kazi moja inachukua A kisha B huku nyingine ikichukua B kisha A, inaandika `possible circular locking dependency detected` hata kama kukwama kwenyewe hakujatokea. Haihitaji bahati mbaya ya sekunde ile. Kwa data inayoguswa bila kufuli kabisa kuna `CONFIG_KCSAN`, iliyoingia kwenye Linux 5.8 mwaka 2020. Ijenge peke yake, haikai pamoja na KASAN. Kerneli hizi ni nzito, na mzigo huo unaweza kubadilisha wakati kiasi cha kulificha kosa. Ziendeshe kwenye mashine ya majaribio.

Haikuwa hivi zamani. Linux 2.0 ya mwaka 1996 ilipoanza kutumia prosesa nyingi, kerneli nzima ililindwa kwa kufuli moja kubwa: kora moja tu ndiyo iliyoweza kuwa ndani. Kufuli hilo liliondolewa kabisa kwenye 2.6.39 mwaka 2011, na badala yake kuna maelfu ya makufuli madogo. Kasi tunayoifaidi imetoka huko, na kazi ya kutafuta nani kashika nini imetoka huko huko.

Hatua ya 7: Ripoti

Kwanza igeuze Call Trace kuwa majina ya faili na namba za mistari:

    ./scripts/decode_stacktrace.sh vmlinux < oops.txt

Kama unatumia kerneli ya usambazaji wako, ripoti kwao: `reportbug` kwenye Debian, `ubuntu-bug linux` kwenye Ubuntu. Kama umejenga kerneli rasmi mwenyewe na kosa bado lipo, `./scripts/get_maintainer.pl -f` ikifuatwa na njia ya faili itakutajia wahusika. Andika toleo la kerneli, mfano wa prosesa na toleo la BIOS, ujumbe wa kwanza kamili bila kuukata, hali ya `Tainted`, na matokeo ya jaribio la `nr_cpus=1` pamoja na muda uliosubiri. Tuma maandishi, si picha, ila pale ambapo picha ndiyo pekee uliyonayo. Msanidi akikutumia kiraka, kijaribu kwa muda ule ule uliotumia kupima mwanzo, kisha mjibu hata kama hakikusaidia.